Mama Taratibu na Hisa Zisizotoa Gawio

Alikuwa hawezi kupita sokoni bila kusimamishwa. Huyu anamwonyesha mtoto aliyeanza shule, yule anamtania kwamba ndiye aliyempa binti yake ile pua kubwa. Yeye anacheka, anamshika mtoto shavu, anaendelea na safari yake. Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye karatasi za ofisini tu. Wodi nzima ya wazazi alikokuwa mkunga, madaktari kwa wafagizi, ilimwita Mama Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila mwanamke aliyeshikwa na uchungu: taratibu, mama, taratibu, hatufukuzwi na mtu.

Mumewe alikuwa wa aina nyingine kabisa. Alikuwa seremala, mtu wa vitanda na milango, na watu walimwita Fundi Maneno. Ukienda kuchukua kigoda ulichoahidiwa tangu wiki iliyopita, kigoda hukikuti, lakini unaondoka umecheka mpaka mbavu zinauma, na hasira zako umezisahau hukohuko kwenye maranda ya mbao. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya jengo lilelile walilopanga. Wenyewe walikaa ghorofa ya tatu. Mke akitoka zamu, kabla hajaanza kupanda ngazi, alipitia uani kwanza.

"Umetuletea wangapi leo?" Fundi anauliza bila kuacha kupiga randa.

"Wanne. Na wewe umemaliza vitanda vingapi?"

"Vitanda? Mimi leo nimemaliza hadithi."

Walikuwa na binti mmoja, aliyeolewa mbali na kupiga simu kila alipopata nafasi. Maisha yalikuwa ya kawaida, na wao hawakutaka mengine.

Kiharusi kilimkuta Fundi ameshika randa. Kilimchukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, kisha kikamfuata kwenye ulimi. Maneno hayakuisha, ila yalianza kutoka moja moja, kwa jasho, kama mtu anayesukuma kabati zito sebuleni. Mama Taratibu alikuwa amebakiza kama mwaka hivi astaafu. Karakana ikauzwa pamoja na vifaa vyake ili kulipia hospitali. Aliyeinunua alikuwa seremala wa makamo, mtu mpole, asiye na maneno mengi. Fundi akapandishwa ghorofa ya tatu, na huko akabaki.

Ngazi za jengo lile zilikuwa nyembamba, zenye kona kali. Kumshusha kulihitaji wanaume wenye nguvu, kiti, na kuombana radhi kila mguu unapogonga ukuta. Kwa hiyo alishushwa siku za kliniki peke yake. Siku nyingine zote alikaa dirishani, akisikiliza msumeno wa mwenzake kule chini.

"Butu," anasema ghafla, katikati ya chai.

"Nini butu?"

"Msumeno." Kisha anasubiri, anakusanya nguvu. "Ananoa... vibaya."

Chini kabisa, ubavuni mwa karakana, kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili ambayo mlango wake ulifunguka moja kwa moja uani. Kodi yake ilikuwa kubwa kuliko yao, maana yeyote angeweza kuigeuza duka. Ikawa tupu mwaka ule Mama Taratibu alipostaafu. Mumewe aliijua. Kila aliyepanda kumjulia hali, Fundi alimwuliza kama imepata mpangaji.

"Nataka kukaa... chini," alimwambia mkewe. "Ninuse mbao. Basi."

Pensheni ya mkunga ilitosha kodi ya juu, chakula na dawa. Kodi ya chini isingetosha. Lakini kulikuwa na kiinua mgongo.

Fundi aliposikia neno hilo alicheka kwa upande mmoja wa uso, upande uliokuwa bado unacheka. "Mgongo... umeshapinda," akasema. "Kitainua... nini?"

Mama Taratibu alikuwa ameshafanya mpango wake kimoyomoyo. Mfagizi mmoja wa wodini, rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa na hisa kidogo za kiwanda cha saruji. Kila mwaka, baada ya mkutano mkuu, kiwanda kiliwagawia wenye hisa sehemu ya faida. Hilo ndilo gawio, na rafiki yake alilizungumzia kama mtu anavyomzungumzia mtoto wake aliyepata kazi: amenitumia, ameniezekea bafu, amenilipia ada. Mama Taratibu alipiga hesabu. Akiweka kiinua mgongo chote kwenye saruji, gawio lingefidia ile tofauti ya kodi, na mumewe angeshuka uani. Mengine hakuyataka.

Ila alikuwa na mdogo wake.

Huyu alikuwa kitinda mimba wa mama yao. Mama alipofariki, mtoto hata kutambaa hajaanza, na dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha kwa mishahara yake ya mwanzo ya ukunga. Sasa alikuwa mtu wa suti, anafanya kazi kwa madalali wa hisa, anatembea na mkoba wa ngozi. Fundi Maneno, kwa utani wa mashemeji, alimwita Bwana Asilimia, na hata baada ya kiharusi jina hilo lilimtoka lote bila kukwama.

Bwana Asilimia alikuja Jumapili moja, akavua koti, akaketi mezani.

"Saruji? Dada, nani amekudanganya?"

"Sijadanganywa. Inatoa gawio kila mwaka."

"Sikiliza. Gawio si zawadi. Ni pesa ya kampuni, na kampuni ni yenu wenye hisa. Wanaitoa mfuko huu wanaitia mfuko ule, na njiani inakatwa kodi. Wakishaitoa, bei ya hisa inashuka kwa kiasi karibu kilekile. Umepata nini hapo? Hicho kiwanda kinagawa kwa sababu hakina kipya cha kujenga. Bei yake imelala miaka."

"Sasa wewe unataka ninunue nini?"

Akachangamka, akasogeza kikombe pembeni. Kulikuwa na kampuni ya maghala ya baridi, inahifadhi samaki, matunda, hata chanjo za watoto. "Wewe mwenyewe unajua shida ya chanjo kuharibika. Hawa hawatoi gawio hata senti. Faida yote wanaijengea maghala mengine. Ndani ya miaka michache, dada, utaniambia."

Fundi alikuwa akisikiliza kutoka dirishani. "Shemeji," akaita. "Hiyo faida... tutaionaje?"

"Bei itapanda, shemeji. Thamani inakuwa imo ndani ya hisa."

Fundi akafikiri. Mdomo ukahangaika kidogo. "Bei... inalika?"

Wakacheka wote. Bwana Asilimia akacheka mpaka akapangusa macho, akasema shemeji huyu kiharusi hakijampata. Kisha akaongeza, kama kitu cha kupita tu, kwamba mtu akibanwa anaweza kuuza hisa kidogo wakati wowote; ni sawasawa na gawio, tena afadhali, maana anachagua mwenyewe siku na kiasi.

Hilo lilikuwa kweli. Mama Taratibu hakuwahi kulikana, hata baadaye.

Akanunua maghala ya baridi. Hakushindwa hoja, wala si tamaa iliyomvuta. Alimtazama yule mtoto wa mgongoni mwake akieleza mambo makubwa kwa ufasaha, mikono ikienda huku na huku, akaona kwamba akimkatalia atakuwa amemwambia kwamba kusoma kwake kote hakumfai hata dada yake. Hakuwa na moyo huo.

Nyumba ya chini ikapata wapangaji, fundi viatu na familia yake. Mama Taratibu akamwambia mumewe, "Watahama. Hawa hawakai." Fundi akaitikia kwa kichwa.

Mwaka wa kwanza bei ya maghala ilishuka. Kulikuwa na habari za mitambo kuchelewa na umeme kupanda bei. Alipompigia mdogo wake kuuliza kama anaweza kuuza kidogo, alipata jibu la haraka: "Sasa? Dada, ukiuza sasa unauza kwa hasara. Vumilia."

Mwaka uliofuata bei ikaanza kupanda. Akapiga tena. "Sasa hivi? Ndiyo kwanza inaamka! Ukiikata leo utakuja kulia."

Kila jibu lilikuwa na akili. Ukilipima peke yake, hulipati kosa. Bei ikiwa chini, si wakati wa kuuza. Ikiwa juu, si wakati wa kuuza. Na Mama Taratibu, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kukaa kando ya kitanda na kungoja jambo lifike kwa saa yake, alijua kungoja kuliko alivyojua kitu kingine chochote. Gawio lingekuja lenyewe. Asingemwomba mtu, asingejiuliza kama leo ni leo au kesho. Pesa ingeingia, yeye angeenda kwa mwenye nyumba. Lakini kuuza hisa kulitaka uamuzi, na kila alipotaka kuamua alijiona kama mtu anayeng'oa nguzo za nyumba apate kuni. Kisha ilikuwa lazima amwambie mdogo wake, na mdogo wake alikuwa na maneno.

Rafiki yake mfagizi alipanda siku moja kuwaona, akiwa na kanga mpya na habari zake za gawio. Safari hii lilikuwa limempatia godoro. "La sponji nene, mama, mpaka naogopa kulilalia!" Mama Taratibu alicheka naye, akamsindikiza mpaka chini. Wakati wa kurudi aliketi kwenye ngazi, kwenye kona ile ambapo mguu wa mumewe hugonga ukuta, akakaa hapo mpaka jirani alipopita akamwuliza kama magoti yanamsumbua. Akasema ndiyo, magoti.

Fundi hakulalamika. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu aliyekuwa akisema kutwa nzima sasa alichagua maneno machache ya siku na kuyatumia kwa uangalifu, na hakutaka kuyapoteza kwa kulaumu. Alisema "asante" akimaliza kunyolewa ndevu. Alisema "mbao mbichi hiyo" msumeno ulipolia kwa sauti nzito. Mara moja, akitazama nje, alisema, "Nimesahau... harufu." Mkewe alikuwa akikunja nguo. Aliacha kukunja.

Siku iliyofuata alishuka, akamwomba yule seremala mpole maranda. Seremala akamjazia mfuko bila kuuliza. Akayapandisha, akayamimina kwenye beseni, akaliweka mapajani mwa mumewe. Fundi akaingiza mkono wa kushoto, akayachezea, akainamisha uso. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akamtazama mkewe kwa huruma, kama vile mgonjwa alikuwa yeye mke, akasema, "Yamekauka, mama." Harufu ya karakana haipandi ngazi ndani ya mfuko.

Mwaka wa tatu, mvua zikiwa ndiyo zimeanza, fundi viatu akahama. Nyumba ya chini ikawa tupu tena. Safari hii Mama Taratibu hakungoja mtu amwambie. Alisimama jikoni, akafunga mlango, akampigia mdogo wake.

"Uza."

"Dada, habari za..."

"Uza zinazotosha kodi ya mwaka. Nyumba ya chini iko wazi. Shemeji yako anataka kushuka."

Bwana Asilimia aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa zamani anayebembeleza. "Nitauza. Nakuapia nitauza. Ila matokeo ya kampuni yanatoka karibuni, na watu wa ndani wanasema ni mazuri mno. Nipe wiki hizi chache tu. Utauza hisa chache, utapata kodi ileile na nyingine zitabaki. Nakuomba, dada. Nimengoja hili pamoja na wewe."

Akaegemeza paji la uso kwenye mlango wa jikoni. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kuelewana naye. Angeweza kumshikia nyumba kidogo. Na wiki chache ni kitu gani, kwa mtu aliyekwisha kungoja miaka?

"Haya," akasema. "Lakini ni hizo tu."

Alikwenda kumwambia mumewe kwamba watashuka mwezi ujao. Fundi alimtazama kama hakusikia vizuri, akamfanya arudie. Kisha akaanza kupanga. Kitanda kiwekwe wapi. Kiti chake kiwe mlangoni, si ndani. Yule seremala afundishwe kunoa msumeno. Maneno yalimtoka kwa wingi kuliko siku zote za ugonjwa wake, mengine yakigongana, na mkewe akamwambia, "Taratibu, baba," wakacheka.

Fundi hakumaliza hata wiki mbili. Ilikuwa alasiri ya kawaida. Mama Taratibu alikuwa jikoni anachemsha maji, msumeno unalia kule chini. Aliporudi na kikombe alimkuta mumewe ameinamia upande, kichwa kwenye fremu ya dirisha, macho nusu wazi. Alikuwa amewaona watu wengi wakiingia duniani na baadhi wakitoka, kwa hiyo hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini. Alimshika shingoni, akangoja, akangoja tena mahali pengine. Kisha akaketi sakafuni akaushika mguu wa mumewe.

Walimshusha kwa ngazi zilezile. Kwenye kona iliwabidi wamwinue juu, na mmoja wao kwa mazoea akasema, "Samahani, Fundi." Uani msumeno ulikuwa umezimwa. Yule seremala alisimama mlangoni pa karakana, kofia mkononi. Wakampitisha mbele yake, mbele ya mbao zilizoegemezwa ukutani, mbele ya nyumba tupu yenye mlango wazi, wakatoka naye barabarani.

Matokeo ya kampuni yalitoka wakati watu wa msiba walikuwa wameshatawanyika na binti amerudi kwake. Bwana Asilimia alikuja jioni, bila mkoba. Alikaa kiti cha mezani, si kile cha dirishani. Hakuna aliyekigusa kile. Alizungumza juu ya mvua, akazungumza juu ya mpwa wake. Mwishoni akashindwa kujizuia.

"Imepanda, dada. Karibu mara tatu ya ulivyonunua."

"Hongera."

"Na saruji bado iko palepale." Aliyasema hayo akitazama meza. Huenda alidhani kuna faraja ndani yake, au hakuwa na kitu kingine cha kusema. "Hata ukijumlisha magawio yake yote, usingefika hata nusu."

"Najua. Ulisema kweli toka siku ya kwanza."

"Dada, nitukane basi."

"Nikutukanie nini? Hesabu zako hazina kosa. Nimezirudia mwenyewe, kila siku nazirudia, nitafute pa kukushikia. Sipaoni." Sauti yake ilikuwa ileile ya wodini. "Yeye alituuliza kama bei inalika. Alituuliza mapema kabisa. Tukacheka."

Bwana Asilimia akafunika uso kwa viganja. Alilia kama anavyolia mtu mzima asiyezoea, kwa kukoroma na kukatika pumzi. Mama Taratibu hakumfuata mara moja. Alimwacha kidogo, na huenda hiyo ndiyo adhabu pekee aliyowahi kumpa. Kisha akainuka akasimama nyuma ya kiti chake, akamwekea mkono mgongoni.

Wiki kadhaa baadaye ni mdogo mtu aliyeleta wazo. Wauze maghala yote, wanunue saruji, apate kitu mkononi kila mwaka kama alivyotaka.

"Sasa za nini?" akamwuliza.

Mdogo wake akazungusha kikombe mezani.

"Mimi na sufuria yangu moja pensheni inanitosha. Sina wa kumshusha. Ziache hukohuko zikue." Akatabasamu kidogo, tabasamu la uchovu. "Sasa ndiyo zinanifaa hizo zako. Sasa nina muda."

Magoti, ambayo zamani yalikuwa kisingizio, yakaanza kuuma kweli. Mwaka haujaisha akahamia nyumba ya chini kwa ushauri wa daktari, akauza hisa chache kulipia kodi. Ilichukua simu moja na siku chache. Pesa ilipoingia alishangaa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi, akalazimika kukaa. Seremala mpole alimsaidia kupanga vitu. Asubuhi, karakana ikifunguliwa, harufu ya mbao iliingia chini ya mlango hata kabla hajaamka vizuri, na siku za mwanzo alikuwa anaziba ule upenyo kwa kitambaa. Baadaye aliacha kuziba. Hakuizoea, alichoka tu kuinama.

Bwana Asilimia aliendelea na kazi yake. Wenzake walimsikia akiwauliza wateja wazee maswali ambayo hayamo kwenye fomu: nyumbani uko na nani, anaumwa nini, pesa hii mnaitaka mwaka gani. Baadhi aliwapeleka kwenye hisa za gawio, na mkubwa wake akamwuliza tangu lini ameanza kupenda kampuni zilizolala. Jumapili alikuja kwa dada yake, wakala pamoja, akaosha vyombo. Habari za soko hawakuzigusa.

Kisha kampuni ya maghala ya baridi ikatangaza, kwenye mkutano wake mkuu, kwamba ujenzi umetulia na kwa mara ya kwanza itatoa gawio. Mdogo wake alimpigia kumwambia, akakwama katikati ya sentensi, akasema watazungumza Jumapili.

Ujumbe wa benki ulimfikia Mama Taratibu akiwa zahanati, kwenye benchi, anangojea dawa zake za presha. Alivaa miwani akausoma. Mwanamke aliyekaa karibu yake, mjamzito, akamwuliza kama ni habari njema.

"Pesa imeingia," akasema.

"Alhamdulillahi! Wengine simu zetu zinaleta madeni tu."

Akacheka naye vizuri, akamwuliza mimba ina miezi mingapi, akamwambia akae kwa kuegemea upande asiumize kiuno. Kisha dirishani wakaita jina lake, lile la kwenye karatasi, na ikawabidi waite tena kabla hajakumbuka kwamba ni yeye. Akashika ukingo wa benchi, akainuka, akaenda kuchukua dawa zake.